Gramafoni Iliyofanya Kazi Saa za Ofisini

Nyinyi wenzangu mliosoma kwa kuchangia kitabu kimoja dawati zima, nyinyi hamtashangaa nikisema kwamba mashine huanikwa. Mwanangu Neema alishangaa. Juzi kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa inajikokota. Ukiiamuru inakutazama kwanza, inafikiri, inazungusha kile kiduara chake, ndipo inakumbuka kwamba iliitwa. Neema alikaa mbele yake amenuna kama mtu aliyenyimwa mnofu. Akafungua hiki, akafuta kile, akasema mara imejaa mapicha, mara ina virusi, mara vumbi limeziba feni. Nilikuwa napita na beseni langu la mchicha, nikamwuliza kwa nia njema kabisa: "Umeshajaribu kuianika?"

Aligeuka taratibu. "Mama, hii kompyuta. Siyo dagaa."

Sawa, siyo dagaa. Lakini sisi tuliokulia Chuno, pale Mtwara, miaka ya ujamaa, tuliwahi kuwa na mashine iliyojikokota vilevile, na uchunguzi wake ulihitaji jua, ubani, maji ya baraka, grisi ya bandarini na mkutano wa nyumba kumi. Vijana wa leo kifaa kikichelewa kidogo wanalia peke yao chumbani. Sisi tulilia kwa pamoja, tena kwa zamu.

Baba alikuwa karani bandarini. Kwao ni Songea, akahamishiwa Mtwara na sanduku la bati, mke, watoto, na dada yake mmoja, Shangazi Batilda. Nyumba yetu ilikuwa ya bati upande mmoja na makuti upande wa pili, maana bati liliisha kabla nyumba haijaisha. Asubuhi tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwa chai ya rangi, tukaenda shule na jembe begani na kidumu cha maji mkononi, tukarudi tukicheza rede hadi kiza kinaingia na mama zetu wanaita majina yote mtaani kwa mkupuo. Mama alikuwa na msemo wake mmoja: "Mtoto asiyesikia wito wa kwanza, wa pili utamjia na mwiko." Msemo huo ulitutosha kwa malezi yote.

Gramafoni Baba aliinunua kwa Mhindi mmoja wa duka la vitambaa aliyekuwa anahama. Aliibeba kichwani kutoka mjini akiwa na tai yake shingoni, watu wakidhani ofisi imeungua ameokoa kabati. Ilikuwa kasha la mbao lenye tarumbeta kubwa lililofunguka kama ua la boga, na ubavuni mpini wa kutia ufunguo. Haikutaka umeme wala betri, na hiyo ndiyo ilikuwa heri yake, kwa sababu umeme hatukuwa nao na betri zilikuwa kama nyota, unajua zipo lakini huzishiki. Unazungusha mpini hadi mkono uchoke, unaweka sindano juu ya sahani ya santuri, na ndani ya tarumbeta wanaanza kuimba watu. Mimi niliamini ni watu kweli, wadogo kama panzi, wanaoishi humo na wake zao. Usiku nilikuwa nawaombea.

Kila Jumapili jioni, nyumba zote kumi za balozi wetu zilihamia uani kwetu. Waislamu, Wakristo, walioelewa maneno ya nyimbo na wasioelewa, wote walicheza. Aliyekaa ni Shangazi Batilda peke yake. Polio ilimpitia akiwa mdogo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba, ukifika mahali baada ya yeye mwenyewe kufika. Kwa hiyo dansi likianza kina mama walimrundikia watoto wao wachanga mapajani, wakamwambia, "Wifi, tushikie." Naye aliwashika wote, huku kichwa chake kikicheza juu ya shingo kama kuku aliyesikia mchele.

Mwezi wa sita, kipupwe kilipoingia, gramafoni ikaanza kuchoka. Jumapili moja Baba aliweka santuri ya mwanamke mwenye sauti nyororo, tukasikia anatoka dume, tena dume lenye mafua. Nyimbo za haraka zikawa kama watu wanaopanda mlima na gunia. Balozi wetu, Mzee Nangumbi, Mmakonde mrefu aliyevaa koti la kijeshi hata Mtwara ikichemka, alisimama katikati ya uwanja akainua mkono.

"Jumapili iliyopita huyu alikuwa mwanamke," akasema. "Nangu, mimi hapa, nilimsikia mwenyewe. Nani kambadilisha?"

Lakini watu wa Mtwara hawaachi dansi kwa sababu ndogo kama hiyo. Walicheza hivyohivyo, polepole, mguu unainuliwa sasa, unatua baada ya salamu mbili tatu. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijalisahau. Shangazi Batilda aliwatua watoto mkekani mmoja baada ya mwingine, akasimama, akacheza. Muziki ule mzito ulikuwa unausubiri mguu wake. Ukiinuka, wimbo unangoja. Ukitua, ngoma nayo inatua. Alifumba macho, mikono yake ikaelea kama mtu anayepapasa maji. Mama alimwona akageuza uso haraka, akajifanya moshi umemwingia machoni, na jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Tangu Jumapili hiyo Shangazi hakushika tena mtoto wa mtu. Na upande wa pili wa ua alikuwepo kijana mmoja wa mtaa wa Mtawanya, Bwana Oswadi, fundi wa kupaka winchi grisi bandarini, aliyekuwa amekuja kuazima msumeno. Msumeno alipewa. Jumapili iliyofuata akaja kuurudisha, na iliyofuata akaja kuuazima tena. Baada ya msumeno huo kwenda na kurudi mara za kutosha, washenga wakatumwa, mahari ikakubaliwa, harusi ikapangwa mwezi wa nane.

Shida ilikuwa mama yake Oswadi. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, mnene wa heshima, lakini mdomo wake haukuwa na pazia. Siku alipoletwa kumwona mkwe alimtazama Shangazi anavyokuja na sinia ya chai, akauliza mbele ya watu: "Sasa huyu siku ya harusi atacheza na nini? Kwetu bibi arusi asipocheza na mumewe mbele ya wakwe, watu wanasema ndoa imeanza imekaa."

Shangazi akatua sinia bila kumwaga hata tone. "Nitacheza, Mama," akasema.

Bendi ya bandari iliyotegemewa ilipangiwa kwenda kumtumbuiza mgeni wa serikali. Kwa hiyo muziki wa harusi ungekuwa gramafoni yetu, na gramafoni yetu ilikuwa inajikokota. Sasa ndugu zangu, tazameni mkanganyiko ulioingia Chuno. Mtaa mzima ulimpenda Shangazi Batilda, na kwa upendo huo mtaa mzima ukaazimia kuitengeneza mashine ile iende mbio kama zamani, ili asiaibike mbele ya wakwe. Na ikienda mbio, mguu wake hautaifikia. Tuliolijua hilo tulikuwa wawili, yeye na mimi niliyelala naye kitanda kimoja. Yeye alikuwa na haya ya kuwaambia watu wanaojitolea waache. Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto wa enzi zile alisemeshwa, hakusema.

Mzee Nangumbi aliitisha mkutano. "Ndugu wananchi, chombo hiki kimelegea," akatangaza. "Swali ni moja. Ni ugonjwa au ni uvivu? Kama ni uvivu, dawa ya uvivu tunaijua sote, ni kazi!" Watu wakapiga makofi. Ikaamuliwa gramafoni ipigishwe kazi kutwa nzima chini ya uangalizi wake. Akaja alfajiri na kigoda, akaiweka uani, vijana wakapokezana mpini. Alfajiri iliimba kama ng'ombe anayeungama dhambi. Jua lilipopanda ikaanza kuchangamka. Saa sita mchana mwanamke yule akarudi kuwa mwanamke kamili. Jua lilipoelekea kuzama, akaota tena ndevu.

Mzee Nangumbi akasimama, akajipangusa koti. "Nimeuona ugonjwa," akasema. "Inaingia kazini jua likishapanda, na jua likipungua inatoka. Huyu ni karani."

Watu walicheka hadi kuku wakatawanyika. Baba alikazana kusoma gazeti ambalo lilikuwa limegeuka kichwa chini.

Bi Somoe, jirani yetu wa Mikindani, muuza vitumbua na mafuta ya nazi, yeye alisema ni jicho. "Nyinyi mna kitu kizuri, mnakitoa uani kila Jumapili, watu wanakitazama weee! Mlitegemea kibaki kizima?" Akaja na chetezo, akafukiza ubani ndani ya tarumbeta huku anasoma dua. Mama hakutaka kuachwa nyuma, akaleta maji ya baraka, akanyunyiza mdomoni mwa tarumbeta hilohilo. Moshi na maji vikakutana humo ndani, gramafoni ikapiga chafya. Naapa ilipiga chafya. Mimi nilisema wale watu wa ndani wana njaa wapewe uji, nikafukuzwa.

Ndipo Bwana Oswadi akajitolea kuifungua. Alikuja Jumamosi asubuhi na mapema, kipupwe kimebana, watu wamejifunika mashuka na kanga. Akafungua skrubu, akainua kifuniko, tukachungulia wote hadi vichwa vikagongana. Springi, magurudumu na vijino vyake vyote vilikuwa vimefunikwa na kitu cheupe, kigumu, kama nta ya mshumaa. Oswadi akakikwangua kwa kucha. "Hii grisi sijawahi kuiona," akasema. "Itakuwa ya Ulaya."

Wakati huohuo mimi nilikuwa kizingitini, nimeweka chupa ya mafuta ya nazi kwenye kijua cha asubuhi. Mtoto yeyote wa pwani anajua. Siku za kipupwe mafuta yakiganda chupani huyapati mpaka uyaanike, ndipo upakwe kichwani usukwe. Baba alinitazama mimi, akaitazama chupa, akatazama ile nta nyeupe. Akainama akainusa. Nikamwona anafumba macho. Mashine ilikuwa inanukia nywele za dada yake.

"Ni nazi," akasema.

Asubuhi yameganda, mchana yameyeyuka, jioni yanaanza tena kuganda. Hata Mzee Nangumbi alielewa, ila hakupenda. "Nani huyu," akanguruma, "aliyeipaka mafuta ya kichwa mali inayotumiwa na nyumba kumi?"

"Ni mimi," Shangazi akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Ilikuwa inalia ukiizungusha. Nikaionea huruma."

Hebu niambieni, ungemfanya nini mtu kama huyo? Mzee Nangumbi alifungua mdomo kuhukumu, akaufunga, akasema tu kwamba huruma isiyo na utaalamu ni hatari kwa maendeleo. Bi Somoe akataka ijulikane kwamba mafuta yake ni safi, hayana maji. Na Bwana Oswadi, maskini, aling'aa uso kama taa ya karabai. Alishika mkono wa mchumba wake mbele ya watu wote. "Usijali, Batilda. Nitayasafisha yote kwa mafuta ya taa, nitaomba grisi halisi kwa msimamizi wangu. Siku ya harusi itakimbia kama jipu la mkuu wa mkoa!" Alitaka kusema jipi, ile gari, hakuna aliyemsahihisha.

"Asante," Shangazi akasema. Sijasikia asante iliyolemewa kama ile.

Grisi ilibidi isubiriwe hadi ruhusa itoke, na vipuri vilikuwa vimetandazwa mkekani vinang'aa. Mzee Nangumbi akaona hatari ya kupotea. Akaamua kwamba kila nyumba ikabidhiwe kipuri kimoja, ikitunze kijamaa hadi siku ya kuunganisha. Ulinzi ukawa mkali kweli, ila kila kitu kilipata kazi mpya. Siku tuliyopita kukusanya, tarumbeta lilikuwa limefunika kuku anayeatamia. Sahani ya kuzungukia ilikuwa kifuniko cha sufuria ya maharage, nayo imepinda kidogo kwa ari ya kazi. Mpini ulikuwa unafungia mlango wa choo, na mwenye choo aliuachia kwa masharti kwamba tumletee kijiti. Springi, aliyoichukua Mzee Nangumbi mwenyewe, ilikuwa imefungwa kwa kufuli sandukuni, na ufunguo alikuwa nao mkewe, ambaye alikwenda msibani Mnazi Bay. Tukamngoja. Aliporudi tukampa pole ya msiba huku macho yetu yako kwenye pindo la kanga alikofunga ufunguo.

Hatimaye Oswadi aliiunganisha, akatia ufunguo, akaweka sindano. Lo! Iliruka. Asubuhi mbio, mchana mbio, jioni mbio. Mtaa ulishangilia. Asubuhi ya harusi Shangazi alikuwa anasukwa, chupa ya mafuta ikiwa juani, akanishika kidevu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, leo itanipita." Nami nilimkumbatia mguu, ule mwembamba, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Baada ya misa watu walijaa uani, wakwe wamepangwa kwenye viti vya mbele vilivyoazimwa nyumba zote kumi, kila kiti na kimo chake, hivyo walionekana kama ngazi. Pilau ikaliwa. Ikafika zamu ya maharusi kufungua dansi. Baba akaweka santuri, muziki ukatoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Kwanza majirani waliojipanga kuwasindikiza walijikwaa wote. Miezi miwili walikuwa wamecheza polepole, miguu yao ilishasahau mbio. Mmoja akamkanyaga mwingine, Mzee Nangumbi akagongana na Bi Somoe, koti na buibui vikazungukana. Wakwe wakacheka. Shangazi akapiga hatua moja. Ya pili ilipokuwa bado iko njiani, wimbo ulishafika mbali. Akajaribu tena. Akasimama katikati ya uwanja, shela imemteleza, Oswadi amemshika mkono hajui afanye nini. Mama yake Oswadi alikunja mikono kifuani.

Uso wa Oswadi ulibadilika. Nadhani hapo ndipo alipoelewa ni kitu gani alichokisafisha kwa siku zile zote. "Mafuta!" akapiga kelele. "Bi Somoe, mafuta ya nazi, haraka!" Bi Somoe akakimbia, akaja na chupa, wakamimina mashineni hadi yakatiririka mezani. Lakini ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mafuta yenyewe ni maji matupu. Mashine ikashukuru kwa kilainishi, ikazidi mbio.

Ndipo Baba akaweka pembeni miwani yake. Karani yule aliyekuwa hapandishi hata mkono wa shati mbele ya watu, alikwenda mezani, akanyoosha dole gumba, akaligandamiza kwenye ukingo wa sahani inayozunguka. Mwimbaji akapunguza mwendo. Akashuka, akashuka, hadi akawa lile dume letu lenye mafua. "Dada," Baba akasema bila kugeuka, "cheza."

Shangazi Batilda akacheza. Mguu ukiinuka wimbo unangoja, ukitua ngoma inatua, na Oswadi naye akajifunza hapohapo, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lakini sahani inakwaruza jamani. Baba alianza kuuma meno, jasho linamtoka. Mama akamsogeza, akaweka dole lake. Nyuma ya Mama akasimama Bi Somoe. Nyuma ya Bi Somoe, Mzee Nangumbi. Sisi watu wa enzi zile tukiona wawili wamesimama nyuma ya mtu tunapanga foleni bila kuuliza kinachotolewa ni nini, na kabla wimbo haujageuzwa upande wa pili foleni ilikuwa imefika mlangoni, watu wanaoneshana vidole gumba, wanatemea mate kuvipoza, wanakemeana, "Usichomekee wewe, zamu yangu!" Kila dole lilikuwa na uzito wake, kwa hiyo wimbo ulipanda na kushuka kama mlevi anayetafuta kwake, na maharusi wakaufuata kila ulikokwenda.

Mzee Nangumbi alipomaliza zamu yake alitazama nani anafuata. Alikuwa mama yake Oswadi. Amekunja mikono ya gauni, dole gumba liko tayari.

"Nipisheni," akasema. "Nyie mnalegeza mno. Mkwe wangu ataanguka."

Neema alipomaliza kuisikiliza hadithi hii, maana niliisimulia nikichambua mchicha, kompyuta yake ilikuwa imeshapona. Alifuta alivyofuta, akapuliza vumbi, akaizima akaiwasha. Sasa unaigusa tu imefunguka, hata kukaa kitini hujakaa. Ni jambo zuri, simlaumu. Ila naona kila kitu siku hizi kinakimbia hivyo, na kila mtu ana muziki wake masikioni peke yake, na asiyeweza kuufikia anabaki ameshika watoto wa wenzake. Enzi zetu tulikosa sukari, tulikosa sabuni, tulikosa betri, lakini madole gumba yalikuwepo ya kutosha.

Usiku ule Neema alipokwenda kulala, nilikaa mbele ya ile kompyuta yake. Niliipapasa ubavu mmoja, nikaipapasa na wa pili, laini kabisa, haina ukingo wala kinachozunguka. Nilikuwa natafuta pa kuweka dole. Sikupaona.